Orakeli Isiyosema Uongo Bado Yaweza Kukufilisi

Tarehe 26 Novemba 2020, watu waliokuwa wamekopa DAI kwenye Compound, mfumo wa kukopeshana sarafu za kidijitali kwa dhamana, walikuta dhamana zao zimeuzwa. DAI ni sarafu thabiti. Imeundwa ikae kwenye thamani ya dola moja ya Marekani, na kwa sababu hiyo wakopaji wengi waliichukulia kuwa deni tulivu, lisiloweza kuvimba usiku mmoja. Siku hiyo, kwenye soko la Coinbase, DAI ilipanda kwa muda mfupi hadi takriban dola 1.30. Compound ilikuwa ikipima madeni kwa bei iliyotoka Coinbase. Aliyekopa DAI 100,000 akahesabiwa kuwa anadaiwa dola 130,000, na roboti ambazo kazi yake ni kuwalipia madeni watu walioshuka chini ya kiwango cha dhamana kinachotakiwa, kisha kujitwalia dhamana zao kwa punguzo, zikafanya kazi hiyo bila kuuliza maswali. Dhamana zilizokwenda kwa njia hiyo zilipita dola milioni 80.

Waliofilisiwa walisema orakeli, yaani chombo kinachouletea mfumo bei kutoka nje, imewadanganya. Sikubaliani nao, na kutokukubaliana huko ndiko chanzo cha makala hii. Bei ya dola 1.30 ilikuwapo kweli, watu walinunua na kuuza kwa bei hiyo, na orakeli iliibeba kutoka sokoni hadi kwenye mfumo bila kuongeza wala kupunguza. Iliyokosewa ni hukumu iliyotangulia, siku mfumo ulipoundwa, kwamba soko moja, kwa dakika yoyote ile, laweza kusema thamani ya DAI kwa niaba ya dunia nzima. Mfanyabiashara wa sarafu za kidijitali anayeuliza tu kama orakeli ni ya kweli anauliza swali jepesi mno. Swali zito ni hili: bei hii imetoka katika soko gani, ina umri gani, ingegharimu kiasi gani kuisogeza, na ni nani mwenye uwezo wa kuibatilisha?

Kwa wasiozoea jambo hili, maelezo mafupi yanafaa. Mkataba mahiri, yaani programu inayojiendesha ndani ya blokcheni, ule mnyororo wa kumbukumbu unaotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, hauwezi kuchungulia nje. Kila nodi, yaani kila kompyuta ya mtandao huo, hurudia hesabu ileile na lazima ifikie jibu lilelile. Kama kila moja ingekwenda kwenye tovuti kuulizia bei ya bitcoin, kila moja ingerudi na jibu tofauti kidogo, kwa sababu zimeuliza kwa nyakati tofauti, na makubaliano ya mtandao yangevunjika. Kwa hiyo bei huletwa na mtu au programu ya nje, ikaandikwa ndani ya mnyororo kama muamala wa kawaida, na kuanzia hapo wote husoma tarakimu moja. Huyo mleta habari ndiye orakeli. Jina lenyewe si zuri sana, kwa kuwa linamfanya msomaji afikirie mpiga ramli anayetabiri yajayo, ilhali kazi hii ni ya tarishi tu. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na katika masoko haya usemi huo umetimia kwa namna ya ajabu: mjumbe hubaki salama, na anayeumia ni aliyepelekewa ujumbe.

Orakeli zinazosema uongo mtupu zimekuwapo, lakini ni chache, na hizo ndizo rahisi kuzirekebisha. Juni 2019, chanzo kimoja cha bei ya won ya Korea kilichotumiwa na Synthetix, mfumo wa tokeni zinazoiga bei za vitu vingine, kilianza kutoa bei iliyo mara elfu moja ya ile halisi, na roboti moja ya biashara ikajikusanyia zaidi ya milioni 37 za sETH, tokeni inayoiga bei ya ETH, sarafu ya blokcheni ya Ethereum, kwenye makaratasi kabla mwenyewe hajakubali kurudisha miamala hiyo nyuma. Tarehe 20 Septemba 2021, orakeli ya Pyth ilionyesha bitcoin kwa dola 5,402, wakati masoko yote yalikuwa juu ya dola 40,000, kwa sababu watoa bei wawili walikosea mahali pa nukta ya desimali. Kilichonivutia katika tukio hilo la pili ni kwamba Pyth hutangaza bei pamoja na kipimo cha shaka yake, na kipimo cha shaka kwa dakika hizo kilikuwa kikubwa kuliko bei yenyewe. Mjumbe alikuwa akisema waziwazi kwamba hana uhakika. Programu zilizowauzia watu dhamana zilisoma bei, zikaacha kusoma shaka.

Tuingie sasa ndani ya mtambo wenyewe, maana wafanyabiashara wengi hutumia bei za orakeli kila siku bila kuona zinavyozaliwa. Mfano unaotumika zaidi ni Chainlink, ambayo waraka wake wa msingi ulitoka Septemba 2017 na mtandao wake ukaanza kazi kwenye Ethereum Mei 2019. Kundi la nodi hukusanya bei kutoka kwa wakusanyaji wa takwimu za masoko, zikapanga majibu yao kuanzia dogo hadi kubwa, na jibu lililo katikati ndilo linaloandikwa. Uzuri wa kuchukua la katikati ni kwamba nodi moja mbovu, hata ikisema bitcoin ni dola moja, haihamishi jibu kwa kiasi chochote cha maana. Itabidi zaidi ya nusu ziharibike pamoja.

Bei hiyo, hata hivyo, haiandikwi kila sekunde, kwa sababu kila maandishi yana ada ya gesi, yaani malipo ya kuandika kwenye mnyororo. Huandikwa linapotokea moja kati ya mambo mawili: soko limesogea kupita kiwango fulani tangu maandishi ya mwisho, au muda wa juu uliowekwa umekwisha. Kwa bei ya ETH kwa dola kwenye mtandao mkuu wa Ethereum, viwango vilivyozoeleka ni asilimia 0.5 na saa moja. Sarafu nyingine zina viwango vilegevu zaidi, na zipo ambazo muda wake wa juu ni saa 24.

Asilimia 0.5 husikika kama kitu kidogo, kwa hiyo tuiweke mezani. Tuseme umeweka dhamana ya ETH 10, orakeli inasema kila moja ni dola 2,000, umekopa dola 15,900, na mfumo unakufilisi deni likizidi asilimia 80 ya dhamana. Mpaka wako ni dola 1,987.50. Kwenye skrini unaona 2,000, nawe unajiambia una nafasi ya dola 12 na nusu. Wakati huohuo soko limeshuka hadi 1,991. Huo ni mchepuko wa asilimia 0.45, haujafika kiwango, kwa hiyo orakeli imekaa kimya na skrini yako bado inasema 2,000. Nafasi yako halisi ni dola tatu na nusu. Soko likishuka tena hadi 1,985, orakeli itaandika bei mpya, na maandishi hayohayo yatakayokujulisha kwamba bei imeshuka ndiyo yatakayokufilisi, mara nyingi ndani ya bloku ileile, yaani fungu lilelile la miamala. Hakuna ahadi iliyovunjwa hapo. Orakeli ilifanya kama ilivyoandikwa. Wewe ndiye uliyedhani kwamba 2,000 ni bei ya sasa, kumbe ilikuwa bei ya mwisho iliyostahili kuandikwa.

Umri wa bei ni jambo ambalo hata waandishi wa mikataba hulisahau. Mkataba unapoisoma Chainlink hurudishiwa tarakimu tano: namba ya duru, jibu lenyewe, wakati duru ilipoanza, wakati jibu liliposasishwa, na namba ya duru ambayo jibu lilipatikana. Jibu la dola 2,000 huja likiwa 200000000000, kwa kuwa lina nafasi nane za desimali. Tarakimu ya nne, ule wakati wa kusasishwa, ndiyo inayosema kama unasoma bei ya dakika tano zilizopita au ya jana. Mkataba unaochukua jibu na kuiacha tarakimu ya nne hautaona tofauti yoyote siku ambayo bei imekufa, na ukaguzi wa usalama wa mikataba umekuwa ukilitaja kosa hili mara kwa mara kiasi kwamba sasa mtu angetarajia limekwisha.

Madhara yake yalionekana Mei 2022, sarafu ya LUNA ilipoporomoka. Bei yake ya Chainlink ilikuwa na sakafu iliyowekwa kabla, na ilipofika karibu na sakafu hiyo ikasimamishwa kwenye dola 0.107, huku sokoni LUNA ikiendelea kushuka hadi senti moja na chini ya hapo. Waliong'amua mapema walifanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya: ununue LUNA sokoni kwa senti moja, uiweke kwenye mfumo wa mikopo wa Venus unaoithamini kwa senti kumi na zaidi, ukope sarafu nyingine zenye thamani, uondoke usirudi. Venus ilibaki na pengo la takriban dola milioni 11, na Blizz, mfumo mwingine wa mikopo uliokuwa mdogo zaidi, ulikaushwa karibu wote. Hasara hiyo haikumwangukia aliyecheza na LUNA. Ilimwangukia aliyeweka sarafu thabiti zake mle kwa ajili ya riba ndogo, ambaye pengine hakujua kwamba LUNA ilikuwa ikikubaliwa kama dhamana.

Kabla ya hapo kulikuwa na tarehe 12 Machi 2020, siku ambayo ETH ilipoteza zaidi ya asilimia 40 na MakerDAO, mfumo wa mikopo unaozalisha DAI, ikajifunza kwamba orakeli pia hupanga foleni. Watu wote walikuwa wakikimbilia mlango mmoja, ada za gesi zikapanda, na maandishi ya bei yakachelewa kama miamala mingine yote. Maker hata katika siku za kawaida huichelewesha bei yake kwa saa moja kwa makusudi, ili kosa likitokea lionekane kabla halijatumika. Mimi naona uchelewesho huo ni wa busara kuliko wakosoaji wake wanavyosema, lakini una masharti yake: unadai kwamba katika saa hiyo mwenye deni aweze kuongeza dhamana, na mnadani wawepo wanunuzi. Siku ile mnadani hawakuwepo. Roboti nyingi za wanunuzi zilishindwa kupitisha miamala yao, na waliobaki walishinda minada kwa dau la sifuri. Dhamana za zaidi ya dola milioni 8 zilichukuliwa bure, na wakopaji waliotarajia kupoteza faini ya asilimia 13 wakapoteza kila kitu. Kutegemeka kwa orakeli, kwa hiyo, hakupimwi siku ya utulivu. Orakeli, mnyororo na wafilisi hushindwa kwa pamoja, kwa sababu vyote vitatu hutumia barabara moja.

Jambo ambalo mimi hulipa uzito kuliko yote ni kina cha soko. Chukua bwawa la ukwasi, yaani mfuko wa sarafu mbili ambao watu hubadilishana nao moja kwa nyingine, lenye tokeni 500,000 upande mmoja na dola 500,000 upande wa pili, likifuata kanuni ya kawaida kwamba pande mbili zikizidishwa jibu halibadiliki. Bei ni dola moja. Ili kuifanya iwe dola mbili, inatosha kumimina dola 207,000 hivi. Utatoka na tokeni zipatazo 146,000, na bwawa litabaki na tokeni 354,000 na dola 707,000. Hizo dola 207,000 hazijapotea. Ukizirudisha tokeni zako mara moja, kabla mtu mwingine hajaingia kati, utapata fedha zako karibu zote, ukiondoa ada ya asilimia 0.3 ya kwenda na ya kurudi, ambayo kwa pamoja haifiki dola 1,300. Huo ndio ushuru wa kuongeza bei maradufu kwa kitambo cha muamala mmoja. Na kwa kuwa ipo mikopo ya papo kwa papo, inayochukuliwa na kulipwa ndani ya muamala huohuo bila dhamana, huna haja hata ya kumiliki hizo dola 207,000. Mfumo wowote wa mikopo unaosoma bei moja kwa moja kutoka kwenye bwawa hilo, katika dakika hiyo, umeuweka mfuko wake nyuma ya kufuli la dola 1,300.

Februari 2020 mfumo wa mikopo wa bZx ulipigwa mara mbili ndani ya siku chache kwa mbinu za ukoo huu. Mara ya pili sUSD, sarafu iliyopaswa kuwa dola moja, ilisukumwa hadi takriban dola mbili na ikatumika kama dhamana kwa bei hiyo. Tangu wakati huo wajenzi makini wameacha kusoma bei ya papo hapo. Uniswap, soko linaloendeshwa kwa mabwawa ya aina hiyo, katika toleo lake la pili la Mei 2020, ilileta wastani wa bei unaopimwa kwa muda, ili mshambuliaji alazimike kuishikilia bei ya uongo kwa dakika nyingi huku wafanyabiashara wengine wakimla. Hiyo ni kinga ya kweli pale bwawa lilipo na kina. Inverse Finance, mfumo mwingine wa mikopo, ilikuwa ikitumia wastani wa aina hiyo Aprili 2022, lakini juu ya bwawa jembamba na kwa kipindi kifupi, na ikapoteza takriban dola milioni 15.

Mfano ambao hauniishi akilini ni wa mfumo wa mikopo wa BonqDAO, Februari 2023. Mfumo huo ulitegemea Tellor, orakeli ambayo mtu yeyote aweza kuandika bei mradi ameweka rehani, na akidanganya wengine wana muda wa kumpinga na rehani yake ikapotea. Utaratibu wenyewe una mantiki. Rehani iliyohitajika ilikuwa TRB 10, tokeni za Tellor yenyewe, chini ya dola 200 kwa bei ya wakati huo, na BonqDAO iliichukua bei papo hapo bila kusubiri muda wa kupingwa upite. Mshambuliaji aliweka rehani yake, akaandika bei aliyoitaka, akakopa mamilioni. Sidhani kama alijali rehani yake ilipotelea wapi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na matangazo ya biashara hii, ambayo hujibu kila shaka kwa neno ugatuzi. Nodi thelathini na moja zilizotawanyika duniani kote, zikichungulia soko moja jembamba, zitakuletea kwa kauli moja bei ya soko moja jembamba. Ugatuzi hukinga dhidi ya mjumbe mwongo. Haufanyi lolote kuhusu soko linaloweza kununuliwa. Na tukio lililoonyesha hilo kwa ukamilifu ni la Mango Markets.

Tarehe 11 Oktoba 2022, mfanyabiashara Avraham Eisenberg aliweka milioni tano za USDC, sarafu thabiti ya dola, katika kila moja ya akaunti mbili kwenye Mango, mfumo wa biashara na mikopo uliokuwa kwenye mnyororo wa Solana. Akaunti moja iliuza mikataba ya baadaye, yaani dau juu ya bei, ya MNGO, tokeni ya Mango yenyewe, na nyingine ikainunua, kwa hiyo kwa jumla hakuwa na hatari ya upande wowote. Kisha akaanza kuinunua MNGO yenyewe kwenye masoko machache ambayo orakeli ilikuwa ikiyasoma. Biashara ya tokeni hiyo ilikuwa ndogo, na bei ikapanda kutoka karibu senti tatu hadi senti 91. Akaunti iliyonunua ikaonekana tajiri, na juu ya utajiri huo wa karatasi akakopa na kuondoa sarafu za takriban dola milioni 110, fedha za wateja wengine. Baadaye alirudisha dola milioni 67 hivi kwa makubaliano na akajitokeza hadharani akisema ulikuwa mkakati wa biashara wenye faida kubwa.

Baraza la mahakama lilimtia hatiani New York Aprili 2024. Mei 2025, Jaji Arun Subramanian alizifuta hukumu zile: mashtaka mawili kwa sababu kesi ililetwa katika eneo lisilostahili, na la tatu, la ulaghai, kwa sababu upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba alitoa taarifa ya uongo kwa mfumo. Simtetei mtu huyo. Aliyeondoa akiba za wengine anajua alichokifanya. Lakini mfanyabiashara anapaswa kuisoma hoja ya tatu taratibu. Bei ilikuwa bei. Orakeli haikudanganya, na kwa macho ya jaji hapakuthibitika kwamba mtu yeyote aliudanganya mfumo. Mwenye fedha zake mle ndani alikuwa amelindwa na jambo moja tu, ugumu wa kuisogeza MNGO, na ugumu huo haukuwepo.

Mtu angejibu kwamba basi tuzisome bei nyingi zaidi, au kwa sarafu thabiti tusisome bei kabisa, tuseme dola ni dola. Njia hii ya pili ina historia yenye kuchanganya. Tarehe 10 Oktoba 2025, katika mporomoko uliofilisi nafasi za biashara za zaidi ya dola bilioni 19 katika masoko yote, USDe, sarafu inayolenga dola moja, ilishuka hadi takriban senti 65 kwenye soko la Binance, ilhali kwingineko ilikuwa karibu na dola moja. Binance ilikuwa ikipima dhamana ya USDe kwa daftari lake lenyewe la oda, na wateja walioitumia kama dhamana wakafilisiwa kwa bei iliyokuwa ndani ya jengo lile tu. Soko hilo lililipa fidia ya takriban dola milioni 283. Aave, mfumo wa mikopo uliokuwa umeifunga bei ya USDe kwenye bei ya USDT, sarafu thabiti nyingine, haukutikisika. Ushindi kwa bei iliyofungwa, basi. Mwezi mmoja haukupita, mfumo wa uwekezaji wa Stream Finance ukatangaza kwamba msimamizi wa nje wa fedha zake amepoteza takriban dola milioni 93. Tokeni yake ya xUSD ikaporomoka, na katika baadhi ya masoko ya mikopo ambako bei ya xUSD ilikuwa imekazwa, wakopeshaji walikaa wakitazama tarakimu isiyosogea juu ya dhamana isiyokuwa na kitu.

Hakuna upande ulio sahihi daima kati ya hizo mbili, na anayekuambia upo anakuuzia kitu. Kuifunga bei ni kusema kwamba unaiamini hazina iliyo nyuma ya tokeni kuliko unavyoliamini soko. Kuiacha wazi ni kusema kinyume chake. Machi 2023, USDC iliposhuka hadi karibu senti 87 baada ya kujulikana kwamba dola bilioni 3.3 za akiba yake zimo katika benki ya Silicon Valley iliyofungwa, waliokuwa wameifunga bei walionekana wajinga kwa siku mbili na werevu siku ya tatu, amana za benki hiyo zilipodhaminiwa na sarafu ikarudi dola moja. Ninachodai ni kwamba mfanyabiashara ajue amesimama upande upi kabla ya siku hiyo, kwa sababu tukio la Oktoba linatukumbusha pia kwamba orakeli haiishi kwenye blokcheni peke yake. Kila soko la mikataba ya baadaye lina bei yake ya marejeleo inayoamua nani afilisiwe, na bei hiyo nayo ina vyanzo, uzito na umri, hata kama imefichwa katika ukurasa wa msaada ambao hakuna anayeufungua.

Limebaki suala la mkono wa mwisho, nalo halijadiliwi vya kutosha. Tarehe 26 Machi 2025, kwenye Hyperliquid, soko la mikataba ya baadaye lenye mnyororo wake, mtu alifungua nafasi kubwa ya kuuza tokeni ndogo ya JELLY, kisha bei ikasukumwa juu hadi mfuko wa pamoja wa mfumo, uliorithi nafasi hiyo, ukawa katika hasara iliyopita dola milioni 10. Bei ya orakeli huko hutolewa na wathibitishaji wa mtandao, yaani wale wanaoidhinisha miamala yake, kwa kutazama masoko mengine. Wathibitishaji walikutana haraka, wakaiondoa tokeni sokoni, na nafasi zote zikafungwa kwa dola 0.0095, bei ya mwanzo wa sakata, wakati soko lilikuwa likionyesha mara kadhaa ya hiyo. Mfuko ukapona. Aliyekuwa amenunua JELLY kwa haki, akaona bei imepanda, akahesabu faida yake, aliikuta imefutwa.

Naelewa kwa nini walifanya hivyo, na katika nafasi yao huenda ningepiga kura hiyohiyo. Hata hivyo, baada ya siku hiyo hesabu ya faida kwenye mfumo kama huo lazima iwe na mstari wa ziada: faida kubwa mno, ikitoka kwenye mfuko wa wenye mfumo, ni faida ya masharti. Orakeli inayoweza kubatilishwa inakukinga na Mango mwingine na inakuweka chini ya kura ya watu usiowajua. Isiyoweza kubatilishwa inakufanyia kinyume chake. Kwa dhamana za muda mrefu mimi huchagua ile ya kwanza. Kwa biashara ya siku moja kwenye tokeni ndogo, siingii kabisa katika mojawapo.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji ujuzi wa kuandika programu. Mifumo mingi huonyesha anwani ya orakeli kwa kila dhamana inayokubaliwa, na kivinjari cha mnyororo kitakuonyesha bei ya mwisho na wakati ilipoandikwa. Anza na dhamana mbovu kuliko zote katika orodha, hata kama wewe mwenyewe umeweka ETH, kwa sababu waliopoteza kwenye Venus na Mango walipotezewa na tokeni ambazo wengi wao hawakuwahi kuzigusa. Tafuta tokeni hiyo inauzwa wapi, uone ni dola ngapi zinazotosha kuisogeza bei yake kwa nusu, kisha uziweke kando ya kiasi cha juu ambacho mfumo unaruhusu kikopwe dhidi yake. Tarakimu ya pili ikiwa kubwa kuliko ya kwanza, riba unayolipwa mle ni ujira wako wa kungoja mtu mwingine aone ulichokiona.